Mfalme Asiyepanda Farasi

Dominika ya 14 ya Mwaka A
Masomo: Zek 9:9-10; Rum 8:9, 11-13; Mt 11:25-30



Katika siku hizi zinazoizunguka sikukuu ya Sabasaba, barabara ipandayo Mgeta kutoka Mzumbe kupitia Mlali hupitisha watu wengi kuliko kawaida yake. Likizo ya katikati ya mwaka huwapeleka watoto wa Morogoro mjini na wa Dar es Salaam kwa babu na bibi zao. Hufika Langali, Nyandira, Bunduki na Tchenzema wakiwa wamejikunyata kwa baridi. Asubuhi wakitoka nje huuona ukungu umelala juu ya makabichi, njegere, karoti na viazi, na huyaona matuta yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kama ngazi. Huwaona pia mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe, walioanza kufugwa huko katika miaka ya 1980 kwa msaada wa wataalamu wa kilimo wa Morogoro. Kisha, kwa kuwa mtoto wa mjini amelijua shamba kwa njia ya televisheni, huuliza swali lake: "Bibi, farasi yuko wapi? Tunataka kupanda farasi."

Bibi hucheka. Mgeta hakuna farasi. Hata hivyo, swali la mtoto huyo lisichekwe tu likapita, kwa maana somo la kwanza la Dominika hii linatueleza habari za farasi na punda, na Injili inatueleza habari za mizigo na nira. Tungependa leo tulifuate swali hilo mpaka mwisho wake. Katika maisha yetu, ni nani hupanda, na ni nani hubeba?

Ndugu wapendwa, jibu la kwanza ni la historia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Dakta Livingstone. Alikuwa na wapagazi wengi, punda 27 na farasi wawili. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni kabisa mwa safari, kabla msafara haujafika katika mji wa Simbamwene, uliokuwa chini ya milima yetu ya Uluguru, pale ulipo mji wa Morogoro leo. Punda nao waliendelea kupungua njiani mmoja baada ya mwingine. Miaka 14 kabla yake, yaani mwaka 1857, Burton na Speke walipita pembeni mwa milima hiihii wakiwa na punda wao, nao pia waliwapoteza.

Wataalamu wa mifugo wametueleza sababu. Uko ugonjwa wa nagana, unaoenezwa na mbung'o. Uko pia ugonjwa mwingine wa farasi wa bara letu, unaoenezwa na usubi, wadudu wadogo sana wanaouma wakati wa usiku. Huo unaweza kumwua farasi kwa siku chache. Punda huuvumilia huo wa pili zaidi. Ndiyo maana farasi wa nchi yetu wamebaki wachache, wengi wao katika baadhi ya mashamba makubwa ya nyanda za juu, kama vile Arusha, Kilimanjaro na Iringa, wanakotunzwa kwa uangalifu na kwa gharama.

Basi mizigo yote ya karne ile ilibebwa na nani? Ilibebwa na watu. Pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya watu; nguo na shanga zilipanda bara juu ya vichwa vya watu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walipoingia bara kuelekea Mhonda na Morogoro, walikwenda kwa miguu, na mizigo yao ilibebwa na watu. Makatekista waliopeleka Habari Njema kutoka kilima kimoja hadi kingine nao walikwenda kwa miguu. Farasi hakuweza kuishi, na kichwa cha binadamu kikachukua kazi yake.

Je, hali hiyo imekwisha? Siku hizi pikipiki za bodaboda hupanda mpaka mahali ambapo zamani tusingedhani chombo cha magurudumu kingefika. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini bado kuna mahali ambapo barabara inakoma, na kutoka hapo njia ya miguu inashuka korongoni na kupanda tena ng'ambo ya pili. Hapo ndipo kichwa kinapochukua kazi. Na katika milima yetu kichwa hicho, mara nyingi kuliko kingine, ni cha mwanamke.

Sasa tumsikilize nabii Zekaria. Anawaambia watu wa Sayuni wafurahi, kwa kuwa mfalme wao anakuja. Ni mfalme gani? Ni mwenye haki, ni mnyenyekevu, naye amepanda mwanapunda. Mfalme huyo ataondoa magari ya vita kutoka Efraimu na farasi kutoka Yerusalemu, na atawatangazia mataifa amani.

Ili tuuelewe uzito wa maneno hayo, tukumbuke kwamba katika nyakati zile farasi hakuwa mnyama wa shamba. Farasi alikuwa mnyama wa vita. Farasi na gari lake walikuwa kwao kama vifaru vilivyo kwetu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 17, kilikuwa kimemwonya mfalme wa Israeli asijiongezee farasi. Lakini Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 10, kinatuhesabia mali ya Solomoni: magari 1,400 na wapanda farasi 12,000. Na alipokufa, watu walimwendea mwanawe Rehoboamu na kumlalamikia jambo gani? Walilalamika kwamba baba yake aliwatwika nira nzito, wakamwomba aipunguze. Kijana yule akawajibu kwamba ataiongeza. Siku ile ufalme ulipasuka vipande viwili, na haukuungana tena.

Mnaona, wapendwa, jinsi mambo haya mawili yanavyokwenda pamoja. Farasi wa mfalme wanapoongezeka, nira ya watu inakuwa nzito. Mtu hawezi kukaa juu bila mwingine kuwa chini. Ndiyo maana nabii anapotuonyesha Mfalme wa kweli, anamwonyesha akiwa juu ya mwanapunda, mnyama wa kubeba nafaka na kuni, mnyama wa mtu wa kawaida na wa siku za amani. Aliyepanda punda hayuko mbali na watu. Miguu yake inakaribia vumbi, na uso wake unatazamana na nyuso zao.

Ni Mfalme huyohuyo anayesema nasi katika Injili ya leo. Anawaita wote wanaosumbuka na kulemewa na mizigo, na anawaahidi pumziko. Kisha anasema jambo la kushangaza: anawaambia wajitie nira yake. Je, aliyelemewa anapumzikaje kwa kuongezewa nira? Tukumbuke nira ni kitu gani. Nira ya ng'ombe hutengenezwa kwa ajili ya wawili. Anayeingiza shingo yake katika nira ya Kristo anamkuta Kristo mwenyewe amekwisha kuingiza shingo yake upande wa pili. Mzigo unakuwa mwepesi kwa sababu una wawili wanaouvuta.

Hapa tungependa kuwasimulia habari ya mama mmoja mzee wa Mgeta, ambaye ametupa ruhusa tuieleze bila kumtaja jina. Mama huyu amezaa watoto wanane. Tangu alipokuwa msichana amebeba kichwani kila kilichoingia na kila kilichotoka nyumbani mwake: kuni, maji, samadi ya mbuzi, madebe ya viazi, matenga ya kabichi. Utosini ana mahali ambapo nywele zimekuwa chache, mahali pa ngata yake, iliyokaa hapo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mwanawe mmoja alipata kazi ya kutunza farasi katika shamba moja mkoani Arusha. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, alimtumia mama yake nauli akamwita aje kumtembelea. Mama akaenda. Siku ya tatu akaomba jembe, maana ndivyo alivyofunzwa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanawe akamjibu, "Mama, leo hutashika jembe. Leo utapanda farasi."

Mama alikataa. Alisema kwamba mtu wa umri wake akionekana juu ya mnyama, watu watasema amerukwa na akili. Lakini mwana alikwisha kuomba ruhusa kwa mwenye shamba, na alikwisha kumchagua farasi jike mzee aliye mpole kuliko wote. Akaleta kigoda, akampandisha mama yake taratibu, akashika hatamu, wakaenda mwendo wa polepole kando ya shamba kiasi cha nusu saa.

Tulimwuliza mama huyo ni kitu gani alichokiona huko juu. Tulidhani atatueleza habari za woga, au za Mlima Meru. Akatujibu, "Padre, niligeuza shingo. Mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo. Huiona njia yake tu. Siku ile nilikwenda mwendo wa nusu saa nikitazama huku na huku kama mtoto."

Waliporudi bandani, mwana alimfungua farasi tandiko. Akapitisha kiganja mgongoni mwake polepole, akainua kwato moja moja akazitazama, kisha akampa maji. Mama akauliza, "Unatafuta nini mgongoni?" Mwana akasema, "Natafuta kama tandiko limemwumiza. Akiwa na kidonda, hapandwi mpaka apone." Akaongeza kumweleza kwamba farasi ana kipimo. Watunza farasi wengi hufuata kanuni kwamba mzigo, pamoja na tandiko, usizidi takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama mwenyewe. Farasi wa kilo 450 hatwikwi zaidi ya kilo 90.

Mama akanyamaza. Jioni alimwomba mwanawe ampeleke kwenye mizani ya ghala. Alikuwa na kilo 48. Wakafanya hesabu pamoja. Sehemu moja ya tano ya kilo 48 haifiki hata kilo 10. Naye hushuka gulioni na kilo 20, siku nyingine 25, yaani zaidi ya nusu ya uzito wake, na njia ni ya mteremko wenye utelezi. Mama akamwambia mwanawe, "Basi mimi ningekuwa farasi wa shamba hili, msingenibebesha hata debe moja."

Ndugu zangu, maneno hayo hayakusemwa kwa hasira. Alituambia alicheka alipoyasema, na mwanawe naye alicheka. Lakini usiku ule yule kijana hakulala vizuri, kwa sababu alikumbuka mambo mengi ya utoto wake.

Mama aliporudi Mgeta, ilikuwa wakati wa likizo, na mwana mwingine alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam pamoja na watoto wake. Jioni, jikoni kando ya moto, mama alisimulia safari yake. Wajukuu walifurahi sana kusikia kwamba bibi yao amepanda farasi. Alipofika kwenye hesabu ya mizani, watu wazima wakanyamaza. Mumewe, mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliona amesemwa. Akauliza, "Unanisema mbele ya wajukuu?" Mama akajibu, "Sikusemi, mzee wangu. Nawaeleza tu kwamba farasi wa watu hupimwa."

Mzee yule alikaa siku mbili bila maneno mengi. Siku ya gulio, kabla ya kupambazuka, mama alipotoka na ngata yake alikuta tenga halipo. Mzee alikuwa ameliweka begani na amekwisha kutangulia njiani. Alipofika penye njia panda, wanaume wenzake waliokuwa wakiota moto walimcheka, wakasema, "Leo umekuwa punda wa mkeo!" Akashusha tenga akapumua, akawajibu, "Ni kweli. Lakini nakumbuka kwamba Bwana alipotaka kuingia Yerusalemu alituma watu wamletee punda. Hakuagiza farasi." Akajitwika tena akaenda zake.

Yule mwana wa Dar es Salaam, kwa upande wake, aliondoka wiki ileile na viroba vitatu vya viazi na ndoo ya maharage, vikashushwa mpaka barabarani na dada zake, naye akitangulia mbele akizungumza kwa simu. Hatusemi hivi ili tumhukumu. Tunasema kwa sababu neno lilelile liliposemwa jikoni, mmoja lilimwingia na mwingine bado. Kwa mzee mwenyewe pia kazi haijaisha: mama anatuambia kwamba siku za gulio hubeba, lakini kuni bado ni za mama.

Wapendwa wasikilizaji, tuchukue basi mafundisho matatu.

Kwanza, fundisho kwa walio nyumbani. Upo msemo tunaousikia mara nyingi: punda afe, mzigo ufike. Msemo huo si wa Biblia. Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, inaagiza kwamba ukimwona punda amelala chini ya mzigo wake, hata kama ni punda wa mtu anayekuchukia, usimpite; umsaidie kuinuka. Katika sura hiyohiyo, siku ya Sabato inaagizwa ili ng'ombe na punda nao wapumzike. Kama Mungu amemwekea punda wa adui haki ya kuinuliwa, je, mke wako, binti yako na mkweo, amewawekea haki ipi? Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba mengi hurithiwa kwa njia hiyo. Twajivunia kumheshimu mama. Heshima hiyo isiishie kwenye majina ya ukoo; ifike mpaka kwenye ngata. Baba anayeshuka mlima na fimbo mkononi, huku mama anamfuata na tenga kichwani na mtoto mgongoni, na ajitazame kwa macho ya Zekaria. Ingawa anatembea kwa miguu, amepanda farasi.

Vijana mwanaume nao wasikie. Tumewasikia wengine wakisema kwamba kubeba tenga ni aibu kwa mwanamume. Mwana wa Mungu alibeba msalaba mbele ya mji mzima. Na alipolemewa, Injili zinatuambia ni nani aliyeshikwa kumsaidia: Simoni wa Kirene, mtu aliyekuwa akitoka shamba. Mkulima ndiye aliyepewa heshima hiyo, ambayo mitume wenyewe waliikosa siku ile.

Pili, fundisho kwetu tunaotoka mijini na kuwatembelea wazazi wetu mashambani. Kutembelea nyumbani ni jambo jema. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mtu ajiulize, mwenyeji wangu amepona kwa kuja kwangu, au amelala hoi kwa kunihudumia? Nimekula kuku wangapi, nimeondoka na viroba vingapi, na nimeacha nini? Mji unapenda kusahau kwamba unabebwa. Mto Mgeta hupeleka maji yake katika Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Karoti na njegere tunazonunua sokoni zimeanza safari yake juu ya kichwa cha mtu ambaye hatumjui. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Kwa hiyo mkipanda Mgeta likizo hii, bebeni. Watoto wenu waliotaka kupanda farasi wafundisheni kuteka maji, kuleta majani ya mbuzi, kubeba mzigo unaolingana na umri wao. Watarudi shuleni wakiwa wamejifunza zaidi ya waliyofundishwa na televisheni. Na wewe mfanyabiashara unayemdai mkulima ajaze gunia mpaka liwe lumbesa, jambo ambalo hata sheria ya vipimo inalikataza, kumbuka kwamba kile kilima kilichozidi mdomo wa gunia kilibebwa na shingo ya mtu, nawe hukukilipia.

Tatu, fundisho kwetu sisi viongozi wa Kanisa, mapadre na makatekista, na kwa viongozi wote. Katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo, Bwana anawalaumu viongozi wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, hali wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Tunapokwenda kigangoni kuadhimisha Misa, sanduku la vyombo hubebwa na nani? Tunapopanga michango, je, tunampima kwanza atakayeibeba, kama mtunza farasi anavyompima farasi wake? Na baada ya kazi, je, tunapitisha kiganja mgongoni mwa waamini wetu kutafuta mahali palipochubuka? Katekista anayeijua jumuiya yake hujua nyumba ya mjane ambaye kuni zimemshinda, na ya mzee ambaye barabara imemwacha mbali. Viongozi wa Serikali nao wasichoke kusikia ombi la barabara za milimani. Kila mwendo wa saa moja ambao gari au pikipiki inafika, ni saa moja ambayo shingo ya mama inapumzika.

Huenda mtu akauliza, "Je, Padre, basi kupanda farasi ni dhambi?" Hapana, ndugu yetu. Farasi ni kiumbe chema cha Mungu, na yule mama hakutenda dhambi, wala mwanawe. Kinyume chake, alichokifanya kijana yule ni Injili tupu. Tukumbuke Msamaria mwema katika sura ya 10 ya Luka. Alikuwa na mnyama wake wa kupanda. Alipomwona mtu aliyejeruhiwa njiani, alishuka, akamfunga jeraha, akampandisha yule juu ya mnyama wake mwenyewe. Na yeye? Bila shaka alitembea kwa miguu mpaka nyumba ya wageni. Mungu hatuulizi kama tunaye mnyama, au gari, au pikipiki. Anatuuliza kama tunajua kushuka, na ni nani tunayempandisha.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anatuambia kwamba hatuna deni kwa mwili hata tuishi kwa kuufuata. Mwili hupenda kukaa juu na kubebwa. Roho wa yule aliyemfufua Yesu anakaa ndani yetu, naye anatufundisha kushuka. Ni Roho huyohuyo aliyemwongoza mtume kuwaandikia Wagalatia kwamba wabebeane mizigo, na kwamba kwa njia hiyo wataitimiza sheria ya Kristo.

Kwa hiyo, kila familia inayotusikiliza ichukue zoezi moja kwa juma hili. Siku moja, kabla ya jua kuchwa, atazameni nyumbani mwenu ni nani aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote siku hiyo. Mpeni kiti. Mwulizeni ni wapi panapomwuma. Kisha amueni pamoja ni mzigo upi ambao kuanzia kesho utakuwa na mbebaji mwingine, na mtajeni mbebaji huyo kwa jina, ili azimio lisipotee. Viongozi wa jumuiya ndogondogo mnaweza kufanya hivyohivyo katika mkutano wenu wa juma: tafuteni nyumba moja, mzigo mmoja, siku moja.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Mfalme mnyenyekevu, ulichagua punda wakati wafalme wengine walichagua farasi, na ulibeba msalaba wetu bila kutuuliza kama twastahili. Watazame mama zetu wanaoshuka milima kabla ya mapambazuko. Uimarishe miguu yao mahali penye utelezi. Utupe sisi moyo wa kuona mzigo kabla hatujaombwa, na mabega yasiyoona haya. Na siku ile tutakapofika mwisho wa njia tukiwa tumechoka, utupokee mizigo yetu, utupe pumziko uliloliahidi. Unayeishi na kutawala daima na milele.

Amina.